Mhandisi wa Vifaa Tiba na Hewa ya Karagwe

Mwanafunzi wa sekondari akiulizwa kazi ya mhandisi, hutaja upesi madaraja, barabara na mabwawa ya umeme. Ni wachache watakaoitaja hospitali. Hata hivyo, hakuna hospitali ya leo inayoweza kutoa huduma bila mitambo, na kila mtambo humhitaji mtu anayezielewa kanuni zinazouendesha. Mtu huyo ni mhandisi wa vifaa tiba, pamoja na mafundi sanifu anaoshirikiana nao.

Wengi hudhani kwamba kazi yake ni kungoja mashine iharibike, kisha kuifungua na kubadilisha kipuri. Dhana hiyo ni potofu. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kuhakikisha kwamba mashine iliyoundwa mbali inafanya kazi kwa usahihi mahali ilipowekwa. Mfano mmoja unatosha kulithibitisha jambo hili.

Omurushaka ni mji mdogo wa njia panda katika Wilaya ya Karagwe, mkoani Kagera. Magari yatokayo Kyaka hupita hapo, na mengine hushika njia ya Kyerwa, ambayo ilikuwa sehemu ya Karagwe hadi ilipofanywa wilaya mwaka 2012. Wagonjwa wa huko huhudumiwa na zahanati na vituo vya afya, na Hospitali ya Nyakahanga iko jirani. Nyanda hizo ziko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Wakulima wa kahawa na ndizi wanazijua faida za mwinuko huo. Mhandisi hana budi kuijua pia hila yake.

Kwenye usawa wa bahari, kanieneo ya hewa ni kilopaskali 101 hivi. Kwenye mita 1,500 hushuka hadi 85 hivi, na maji huchemka kwenye nyuzi 95 za Sentigredi badala ya 100. Mwanafunzi hujifunza habari hii darasani, huijibu katika mtihani, kisha huisahau. Lakini katika chumba cha kutakasia vifaa vya upasuaji, habari hiyo hiyo ina uzito mkubwa.

Vifaa hivyo hutakaswa ndani ya otoklevu, yaani chungu kizito chenye mfuniko unaokazwa barabara, ambamo mvuke hubanwa hadi ufikie nyuzi 121. Joto hilo likidumu kwa muda uliowekwa, huua hata vijidudu vinavyojihifadhi ndani ya ganda gumu. Ili mvuke ufikie nyuzi 121, kanieneo yake kamili lazima iwe kilopaskali 205 hivi. Lakini otoklevu za aina sahili huongozwa kwa geji ya mshale, nayo haionyeshi kanieneo kamili. Huonyesha tu kiasi ambacho kanieneo ya ndani imezidi ile ya hewa ya nje. Dar es Salaam, geji ikisoma 104, hesabu hutimia: 104 na 101 ni 205. Omurushaka, geji hiyo hiyo ikisoma 104, jumla ni 189 tu, na joto la mvuke huishia karibu na nyuzi 118.

Upungufu wa nyuzi tatu huonekana mdogo. Lakini kasi ya mvuke ya kuua vijidudu hivyo vigumu hupungua takribani mara kumi kwa kila nyuzi kumi zinazopungua. Kwa nyuzi tatu, hupungua kwa karibu nusu. Basi muuguzi aliyefuata kitabu cha maelekezo neno kwa neno aweza kutoa vifaa vinavyong'aa ambavyo usalama wake haujathibitika. Hakuna kilichovunjika, wala taa ya hatari haikuwaka. Muuguzi hana kosa, lakini mama aliyepasuliwa ndiye atakayelipa. Tiba yake si ngumu. Geji ipandishwe hadi 120, mradi chungu na vali yake vimeundwa kustahimili kiasi hicho. Ama sivyo muda uongezwe kwa hesabu, na joto la ndani lipimwe lenyewe. Kinachohitajika ni mtu wa kuifanya hesabu hiyo kabla ya kidonda cha kwanza kuoza.

Hapo ndipo ilipo taabu ya kazi hii. Mhandisi akifaulu, hakuna linalotokea. Kidonda hupona, na shukrani humwendea daktari. Kwa kuwa mafanikio yake hayaonekani, ni rahisi kumsahau fedha zinapogawanywa, na kumkumbuka mashine inapozimika.

Gharama ya usahaulifu huo imepimwa. Mwaka 2011 watafiti Perry na Malkin walichapisha uchunguzi wa orodha za vifaa vya hospitali katika nchi 16, wakaona kwamba karibu asilimia 40 ya vifaa havikuwa vikifanya kazi. Mwaka uliotangulia, Malkin na Keane walionyesha kwamba takribani theluthi mbili ya vifaa vibovu walivyovichunguza viliweza kurudishwa kazini bila kuagiza vipuri kutoka ng'ambo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Wapo watakaosema kwamba penye upungufu wa madaktari, mhandisi ni anasa. Hoja hiyo haisimami, kwani daktari mwenye vifaa visivyoaminika ni nusu ya daktari. Tena fani hii inafundishwa nchini, kwa mfano katika Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam na Chuo cha Ufundi Arusha. Kinachotakiwa ni kumpa mhitimu nafasi anayostahili: ashauriwe kabla mashine haijanunuliwa wala kupokelewa kama msaada, na apewe usafiri wa kuvifikia vituo vya afya vya vijijini, si kufungiwa karakanani akingoja kuitwa.

Shule nazo zina wajibu. Mwalimu wa Fizikia wa Karagwe au Kyerwa ana maabara isiyohitaji kuagizwa: sufuria ya maji, jiko na kipimajoto. Wanafunzi waone kwa macho yao maji yakichemka kabla ya nyuzi 100, kisha waipige hesabu ya otoklevu ubaoni. Huenda mmoja wao akataka kujua ni nani anayeipiga hesabu hiyo katika hospitali iliyo jirani na kwao.