Namba ndogo ya chasisi si mali

Ndugu Mhariri,

Nina dukuduku juu ya jambo ambalo limeanza kuwaumiza vijana wetu, hata huku kwetu Matiri, wilayani Mbinga, ambako wengi tunaishi kwa kahawa na mahindi. Jambo lenyewe ni biashara ya kununua magari makuukuu ya spoti kwa sababu tu ya namba zake za chasisi. Madalali huwaambia watu kwamba gari lililotoka kiwandani miongoni mwa yale ya kwanza kabisa ni tunu, na kwamba mwenye nalo ni tajiri anayesubiri siku yake.

Mimi ni fundi magari mstaafu. Nilianza kushika spana mwaka 1972 katika gereji moja ya Dar es Salaam, na nilipochoka nikarudi nyumbani kulima. Kwa hiyo ninayoyasema si ya kusimuliwa.

Baada ya msimu uliopita wa kahawa, mpwa wangu alisafiri kwenda Dar es Salaam na fedha za misimu miwili, zake na za mama yake, ambaye ni dada yangu. Sote tulijua kwamba anakwenda kununua mashine ya kusaga. Alirudi na gari juu ya lori. Lilikuwa Datsun 240Z, lisilo na magurudumu, sakafu imeliwa na kutu hata unaona majani chini yake. Likashushwa karibu na banda la mbuzi.

"Shikamoo mjomba," akaniambia. "Usilione hivi. Hili ni katika mia za kwanza. Wazungu wanayatafuta haya kwa tochi."

Nikiri kwanza kwamba kijana hakuwa ameota. Datsun 240Z ni gari lenye historia, na sehemu ya historia hiyo ni yetu wenyewe. Lilianza kutengenezwa Japani mwaka 1969. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo mashindano ya East African Safari. Mwaka 1973 akashinda nalo Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na Lofty Drews, tena kwa shida kubwa, kwa kuwa alilingana pointi na Harry Källström, na ushindi ukaamuliwa kwa kuangalia ni nani aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu. Sisi mafundi vijana wa siku zile tulilijua gari hilo kwa mlio wake.

Ni kweli pia kwamba watunza magari ya kale huko Marekani na Japani huyapenda zaidi yale yaliyotengenezwa tangu 1969 hadi mwanzoni mwa 1971. Huyatambua kwa matundu ya hewa kwenye mlango wa nyuma, na huongeza fedha juu ya bei. Basi swali si kama namba za mwanzo zina thamani yoyote. Swali ni kama namba peke yake inaweza kulifanya gari kuwa tunu. Mimi nasema hapana, na sababu zangu ni hizi.

Kwanza, tuangalie zile namba moja zenyewe ambazo madalali hupenda kuzitaja. Mwezi Januari 2020 gari la kwanza la aina mpya ya Corvette liliuzwa mnadani Marekani kwa dola milioni 3. Anayesikia hivyo huruka juu. Lakini fedha hizo zilikwenda kusaidia watoto wa mji wa Detroit. Mnunuzi alitoa sadaka yake mbele ya watu, na gari akapewa. Bei ya sadaka si bei ya soko. Ni kama mtu anayenunua jogoo kwa bei ya ng'ombe katika harambee ya kanisa. Kesho yake usipeleke jogoo wako sokoni ukidai bei hiyo hiyo.

Pili, namba huja kupewa thamani baadaye, na watu. Gari la Ford Mustang lenye namba ya kwanza liliuzwa kwa makosa mwaka 1964 kwa rubani mmoja wa ndege nchini Kanada, Stanley Tucker, wakati lilikuwa limepelekwa la maonyesho tu. Yeye aliliendesha kama gari lolote. Ilibidi kampuni imbembeleze na kumpa Mustang jipya ndipo alirudishe, na leo liko katika jumba la makumbusho la Henry Ford. Kinachovuta watu kwenda kulitazama ni namba pamoja na kisa hicho, na kisa hicho kina hati na mashahidi.

Tatu, gari la mwanzo mara nyingi ndilo lenye kasoro. Kila fundi analijua hili. Jaguar E-type lilipotolewa mwaka 1961, yale ya mwanzo yalikuwa na sakafu bapa, na dereva mrefu alibanwa miguu. Baadaye kiwanda kikaishusha sakafu ili miguu ipate nafasi. Leo watunza magari hugombea yale ya sakafu bapa, na kila mtu ana haki ya kupenda anachopenda. Lakini kijana anunuaye gari kwa fedha ya kahawa ajue kwamba hapo halipii ubora. Analipia mapenzi ya watu walioko mbali, na mapenzi hayo hayana mkataba.

Nne, na hii ndiyo kubwa kuliko zote. Mwezi huo huo wa Januari 2020 Datsun 240Z moja iliuzwa Marekani kwa dola 310,000, bei iliyowashangaza hata wataalamu. Je, lilikuwa la kwanza kutoka kiwandani? La hasha. Lilikuwa la mwaka 1971, na mbele yake yalikuwa yametangulia maelfu. Lilipata bei hiyo kwa sababu lilikuwa limetembea maili kama 21,000 tu, rangi yake ni ile ya kiwandani, na karatasi zake zipo. Namba ndogo haikulisaidia kwa lolote.

Na lile gari lililoshinda Safari mwaka 1971, Nissan wenyewe wamelihifadhi huko Zama, Japani. Namba inayokumbukwa na watu ni 11, ile iliyobandikwa mlangoni siku ya mashindano. Sijapata kumsikia mtu akiuliza ile ya chasisi. Hata hapa kwetu, wananchi wanaokwenda Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, kuyatazama magari ya kale yaliyomchukua Mwalimu Nyerere, hawaendi kuinua boneti. Wanakwenda kwa ajili ya aliyekaa kiti cha nyuma.

Wakulima wenzangu watanielewa nikitumia mfano wa kahawa. Mkulima wa kwanza kufika kwenye mizani ya chama cha msingi hapewi bei kubwa kwa sababu ya kuwahi. Kahawa yake hutazamwa imechumwa ikiwa mbivu au mbichi, imeoshwa vipi, imekaushwa vipi, kisha ndipo hupewa daraja. Aliyewahi na kahawa safi atasifiwa kwa yote mawili. Aliyewahi na kahawa iliyoota ukungu amewahi kupata hasara.

Sasa nirudi kwenye gari la mpwa wangu. Baada ya kusikiliza maelezo yake nilimwomba anionyeshe hiyo namba. Akainua boneti, akanionyesha kibao kidogo cha bati, safi, kinang'aa kuliko kitu chochote katika gari zima. Juu yake palikuwa na herufi HLS30, halafu tarakimu zikianza na sifuri tatu. Nikamwuliza, "Mwanangu, usukani wa gari lako uko upande gani?" Akajibu, "Kulia, mjomba." Nikanyamaza kidogo, maana niliona uchungu kumwambia.

Magari hayo yaliyouzwa nje ya Japani yalipewa herufi HLS30 yakiwa ya usukani wa kushoto, kama wanavyotumia Marekani. Ya usukani wa kulia yalipewa HS30. Ile herufi L ndiyo inayotaja kushoto. Kibao kile kilikuwa kimetoka katika gari jingine. Nikachukua msasa nikakwangua rangi kwenye bati la ukuta ulio nyuma ya injini, mahali ambapo kiwanda hugonga namba yenyewe. Tukaikuta: HS30, na tarakimu zake ziko mbali kabisa na zile za kibaoni. Kibao hicho pia huonyesha namba ya injini. Injini iliyokuwamo ilikuwa ya pikapu.

Gari lenye namba mbili haliwi tunu, huwa kesi.

Nisije nikaonekana nawalaumu wengine peke yao. Katika miaka ya sabini sisi mafundi tulipokuwa tukinyoosha bodi tuling'oa vibao hivyo kwa patasi kwa sababu vilituzuia kupiga rangi. Vingine tulivirudishia, vingine tulivitupa katika pipa la takataka. Hatukujua kwamba miaka hamsini baadaye mtu angekiokota kimoja na kukipigilia ribiti mpya ili amwuzie mtoto wa mkulima. Ukikumbuka jinsi kibao kile kinavyong'oka kwa urahisi, huwezi kukiamini kikiwa peke yake.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, natoa ushauri ufuatao kwa wananchi wenzangu.

Anayetaka kununua gari la kale asianze na kibao. Aanze na namba iliyogongwa kwenye bati, ailinganishe na kibao, na injini, na kadi ya gari. Vyote vinne viseme neno moja. Kimoja kikisema lingine, aage na kuondoka. Pia asinunue bila fundi wake mwenyewe, asiyelipwa na dalali. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Gari la mia za kwanza lisingemfuata kijana wa Matiri kwenye kituo cha mabasi.

Wazee wenzangu ambao bado mna magari ya zamani, msikimbilie kuyauza kwa uzito wa chuma chakavu, na wala msiyang'ang'anie kwa ndoto. Tunzeni kadi, risiti na picha. Andikeni lilinunuliwa wapi, nani aliliendesha, lilikwenda wapi. Siku moja karatasi hizo zinaweza kuwa na thamani kuliko gari lenyewe, na kama hakuna mnunuzi, wajukuu watapata habari zenu.

Na ninyi vijana, fedha ya kahawa ni jasho. Kumpa mtu asiyejulikana jasho la misimu miwili kwa ajili ya sifuri tatu zilizochorwa kwenye bati ni kujionea mwenyewe.

Gari la mpwa wangu bado liko pale karibu na banda la mbuzi, na kuku wameanza kutaga ndani yake. Simu ya dalali haipatikani. Kijana amejifunza na sasa yuko shambani. Lakini dada yangu, ambaye kwa umri wake alistahili kupumzika, bado anajitwika debe la mahindi kichwani kwenda kusaga kwenye mashine ya jirani. Kila anapopita mbele ya nyumba yangu namsalimu, naye ananijibu vizuri, ila gari halitaji. Ni kwa ajili yake nimeandika barua hii.

Wasalaam,

Fundi Mstaafu,
Matiri, Mbinga.