Ufizi na Shinikizo la Damu: Jibu kwa Mwenye Kukanusha

Mwandishi aliyedai gazetini kwamba ufizi ni shauri la mswaki na shinikizo la damu ni shauri la chumvi, wala hapana nasaba baina ya viwili hivyo, amehukumu kabla ya kuwasikiliza mashahidi. Maana ufizi umejaa mishipa myembamba, nao unapougua hata ukatoka damu kila asubuhi, vijidudu hupata njia ya kuingia mwilini, na uvimbe ulioanzia kinywani waweza kuzichokoza kuta za mishipa hata zikashindwa kutanuka kama ilivyo ada yake. Mwaka 2021 wataalamu wa London walitangaza habari za watu 500, nusu yao wakiwa na maradhi makali ya ufizi na nusu wakiwa wamesalimika nayo: waliofika kipimo cha juu cha 140 au zaidi walikuwa asilimia 14 katika wale, na 7 katika hawa.

Ni kweli kwamba kufuatana si kusababisha, kwani tumbaku na kisukari huviharibu vyote viwili. Lakini hoja hiyo yataka uchunguzi zaidi, haibatilishi uliopo. Tena (na hili bwana yule hakuligusa kabisa) baadhi ya dawa za shinikizo, kama nifedipini na amlodipini, huweza kuukuza ufizi kupita kiasi. Mgonjwa asiache dawa zake kwa kusoma haya. Ila amwonyeshe tabibu ufizi wake, na tabibu wa meno naye ampime shinikizo kabla ya kumng'oa jino.