CHEO SI USHINDI

Kila mwaka ifikapo mwezi wa Machi, vyuo vikuu vya Marekani hukutana katika mashindano ya mtoano ya mpira wa kikapu. Tangu mwaka 1985 timu zilizoshiriki zilikuwa 64 au zaidi, na tangu 2011 zimekuwa 68. Kamati huzigawa katika kanda nne na kuzipa namba, kuanzia 1 mpaka 16. Namba 1 huanza na namba 16, ili wenye nguvu wasimalizane mapema.

Hatusemi kuwa mpango huo ni upuuzi. Kumbukumbu zenyewe zinaitetea kamati. Toka 1985 hadi 2017, namba 1 ilipambana na namba 16 mara 132, na mara zote ilishinda. Mwaka 2008, na tena 2025, timu zote nne za namba 1 zilifika nusu fainali. Ubingwa ukatwaliwa na Kansas, kisha na Florida.

Lakini mdharau mwiba mguu huota tende. Mwaka 2018 Virginia, iliyokuwa imewekwa juu ya timu zote, ilifungwa 74 kwa 54 na chuo cha Maryland kilichoko Baltimore County, kilichokuwa namba 16. Mwaka 2023 Purdue, yenye mchezaji wa futi 7 na inchi 4, ilitolewa na Fairleigh Dickinson, timu ya wachezaji wafupi, kwa 63 kwa 58. Mwaka huo hakuna namba 1 hata moja iliyofika robo fainali.

Sababu yake si uchawi. Mchezo ni mmoja, wa dakika 40, wala hauna marudiano. Mitupo ya mbali ya pointi tatu ikimkubali mdogo na kumkataa mkubwa, sifa za msimu mzima hazimsaidii mtu.

Wapo wanaodai kwamba nafasi wanazopewa mabingwa wa ligi ndogo ni za bure, na kwamba afadhali wapewe wakubwa. Sisi hatukubaliani nao hata kidogo. Chuo cha Baltimore County kiliingia kwa sababu kilitwaa ubingwa wa ligi yake ndogo. Lau mlango huo ungalifungwa, dunia isingalijua uwezo wake. Sisi watu wa visiwani hatuna haja ya kuelezwa maana ya kuhukumiwa kwa udogo kabla ya kupimwa.

Kwa hiyo twawaomba viongozi wote wenye dhamana ya kupanga mashindano wakumbuke mambo mawili. Kwanza, cheo ni njia ya kupanga ratiba; si hukumu. Aliyeshinda kwao apewe nafasi yake, hata awe wa mwisho katika orodha. Pili, kushindwa siku moja si sababu ya kuvunja timu wala kumfukuza mwalimu. Virginia ilirudi na mwalimu wake yule yule, na mwaka 2019 ikawa bingwa. Purdue nayo ilifika fainali mwaka 2024.

Mkubwa aheshimiwe kwa kazi aliyoifanya. Lakini ushindi wa kesho autafute uwanjani, kama wenzake wote.