Taya la Mjusi Katika Somo la Sayansi

Mara nyingi somo la wanyama katika shule zetu za msingi huwa ni somo la majina. Mwalimu huandika ubaoni kwamba mjusi ni reptilia na mbuzi ni mamalia. Watoto hunakili, na mtihani huuliza yale yale. Mtoto hafahamu kwa nini wanyama hao wametengwa. Ni maoni yangu kwamba dawa ya kasoro hii ni kulinganisha viungo, na kwamba kwa mwalimu wa Pemba kiungo kifaacho ni taya la chini la mjusi.

Nakusudia wale mijusi wa magamba laini yang'aayo, wapendao kuota jua. Mmoja wao, mwenye miguu mifupi mno, alielezwa katika maandishi ya Boettger yaliyochapishwa mwaka 1913, na jina lake la kitaalamu limetokana na jina la Pemba. Mwingine huishi katika miamba ya matumbawe, na maji yakipwa hushuka kutafuta chakula. Jamaa zake wengi wako Australia na visiwa vya Pasifiki.

Mjusi asiuawe kwa ajili ya somo. Aliyeokotwa amekwisha kufa afukiwe katika kopo lenye mchanga hadi nyama iishe. Kisha taya lake lioshwe, liwekwe karibu na taya la mbuzi kutoka jikoni, na kila aliyeshika mifupa anawe kwa sabuni. Mwalimu asitaje jina lolote, bali aulize: Kila upande una mifupa mingapi? Meno yameshikwaje?

Kwa lenzi ya mkono, watoto wataona mistari ya maungio. Kila upande wa taya la mbuzi ni mfupa mmoja. Wa mjusi ni mifupa mitano au sita iliyoungana, na ule wa mbele tu ndio wenye meno. Meno ya mbuzi yamezama katika mashimo. Ya mjusi yameshikamana na ubavu wa ndani wa mfupa. Hata mijusi hawa wenyewe hutofautiana: ndani ya taya mna mfereji, ambao kwa baadhi yao u wazi na kwa wengine umefunikwa na mfupa. Wataalamu huitumia alama hiyo kupambanua jamii zao.

Hapo litazuka swali: mifupa mingine ya mbuzi imekwenda wapi? Visukuku vyaonyesha kwamba katika wahenga wa mamalia mifupa ya nyuma ya taya ilizidi kuwa midogo, na ule wa kwenye kiungo cha taya ukawa kifupa cha sikio kiitwacho nyundo.

Watakuwapo wasemao kwamba hayo ni ya Chuo Kikuu. Sikubaliani nao. Hatumtaki mtoto akariri majina ya mifupa. Twataka ahesabu, alinganishe, kisha atoe sababu. Aliyefanya hivyo atajua kwamba mafungu ya wanyama yametokana na ushahidi, wala si amri ya kitabu. Mwalimu mwanafunzi, tangulia na kitu, jina litafuata.