Kiswahili Kishuke Mgodini

Katika Kiswahili, neno fedha hubeba maana mbili: madini meupe yang'aayo, na pesa za matumizi. Aghalabu maana ya pili huimeza ya kwanza. Ndivyo ilivyo pia katika mijadala ya madini nchini Kenya: pesa huzungumzwa sana, ilhali mwamba uliozaa mali hiyo hautajwi. Kosa hili si la wanajiolojia pekee; wasomi wa Kiswahili nao wana fungu lao la lawama.

Mfano mwafaka ni Macalder, katika eneo la Nyatike, Kaunti ya Migori, mbali na kumbi za mihadhara za Nairobi. Mgodi huo ulioanza miaka ya 1930 ulitoa shaba, dhahabu na fedha, kisha ukafungwa mwaka 1966. Miamba yake ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Enzi hizo volkeno zililipuka chini ya bahari. Maji ya moto yalipenya katika nyufa za miamba, yakayeyusha metali zilizomo na kuzipandisha hadi sakafu ya bahari. Yalipokutana na maji baridi, metali hizo zilishikamana na salfa, zikatuama tabaka juu ya tabaka. Baadaye matabaka hayo yalifukiwa, yakakunjwa na kuinuliwa. Karibu na uso wa ardhi, hewa na mvua vililiozesha jiwe: chuma kikabaki kama kutu nyekundu, shaba ikachukuliwa na maji kuelekea chini, nayo dhahabu, isiyoshika kutu, ikasalia.

Mchimbaji mdogo anayefuata dalili za kutu hiyo anasoma ukurasa wa mwisho tu wa kitabu kirefu. Kurasa zilizotangulia zimefungiwa katika ripoti za Kiingereza. Hasara yake si ya kielimu pekee. Mawe yenye salfa yakisagwa na kuachwa wazi, hewa na maji huyageuza kuwa chanzo cha asidi inayoweza kuingia mitoni. Zebaki inayonasa dhahabu hugeuka mvuke inapochomwa, ikamdhuru anayeuvuta. Aidha, Sheria ya Madini ya 2016 huitengea jamii asilimia 10 ya mrabaha. Ataidai vipi haki hiyo mtu asiyeweza kuuliza, kwa lugha anayoimudu, ni metali zipi zimetoka ardhini mwake na kwa kiasi gani?

Wapo watakaodai kwamba jiolojia haisemeki kwa Kiswahili, au kwamba wakazi wa Migori wana Dholuo na Kikuria chao. Dai la pili lina uzito; hata hivyo, penye dhahabu hukutana watu wa jamii nyingi, na Kiswahili ndicho kiungo chao. Dai la kwanza lilijibiwa nchini Tanzania mwaka 2017. Serikali ilipozuia kusafirishwa nje kwa mchanga wenye dhahabu, shaba na fedha kutoka migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, neno makinikia lilitoka katika ripoti za wataalamu likaingia sokoni na vijiweni. Mtu aweza kuiunga mkono hatua ile au kuipinga; lisilopingika ni kwamba wananchi waliijadili kwa lugha yao.

Katiba ya 2010 imekitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Hadhi hiyo haina budi kufika mgodini. Idara za Kiswahili na za jiolojia zishirikiane. Wanafunzi waende Nyatike wakakusanye msamiati wa wachimbaji wenyewe. Na kila ripoti ya utafutaji madini iambatane na muhtasari wa Kiswahili utakaosomwa mbele ya wenye ardhi. Mwamba, ufa, mshipa, tabaka, kutu: maneno yapo. Wahenga walinena kuwa penye miti hapana wajenzi. Miti ya lugha hii imekwisha kukomaa. Wajenzi ndio wanaosubiriwa.