Mwenye Mshahara na Gharama ya Chuo Kikuu

Tajiri hulipia mwanawe bila kuuliza bei, na maskini hutazamwa kwa huruma. Mwenye taabu ni yule wa katikati, karani au mwalimu, ambaye mshahara wake huonekana mkubwa karatasini lakini huisha kabla ya mwezi.

Mpango ulioletwa na Serikali ya Kenya mwaka 2023 uligawanya gharama ya masomo kulingana na mapato ya jamaa. Kwa madaraja ya mwaka 2024, jamaa maskini kabisa ilitakiwa kutoa asilimia 5. Iliyopata kati ya shilingi 70,000 na 120,000 kwa mwezi ilitakiwa kutoa asilimia 30. Ruzuku ilikuwa asilimia 40, na mkopo 30.

Basi na ihesabiwe. Masomo yakigharimu shilingi 240,000 kwa mwaka, sehemu ya mzazi huyo ni 72,000, mbali na chakula na malazi. Kwa miaka minne ni 288,000. Lakini anayeweka shilingi 1,000 kila mwezi katika chama cha akiba, tangu mtoto aingie darasa la kwanza, baada ya miaka 12 atakuwa na 144,000, yaani nusu ya deni lote, bila kuhesabu faida.

Na mkopo si zawadi. Kijana ataurudisha pamoja na riba. Yampasa mzazi akae naye, wasome bei kabla ya kuchagua masomo. Akiba haiozi, bali shamba lililouzwa kwa haraka halirudi.