Jua, Mafunjo na Samaki wa Mezani

Juma hili tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu hulitazama kila siku bila kulitia maanani. Kati ya Bugolobi na Luzira liko bonde la Nakivubo, lenye ukubwa wa kilomita za mraba 5 hivi. Bonde hilo hupokea maji machafu yatokayo katikati ya mji wa Kampala, na kuyafikisha katika Ghuba ya Murchison ya Ziwa Victoria. Wengine huliita pori la mbu na takataka. Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba bonde hilo ni sehemu ya jiko letu.

Tuanze na jua. Nguvu inayomwezesha samaki kuogelea na mtoto kucheza asili yake ni mwanga wa jua. Mnyama hawezi kuula mwanga. Mimea ndiyo inayoupokea na kuugeuza kuwa chakula. Mafunjo, ambayo hurefuka hadi mita 4 au zaidi, ni hodari sana wa kazi hiyo. Yakinyauka na kuoza huliwa na vijidudu. Vijidudu huliwa na wadudu wa majini. Wadudu huliwa na samaki na vyura. Nao huliwa na ndege na binadamu.

Mwaka 1942 lilichapishwa andiko la kijana wa Marekani, Raymond Lindeman, aliyechunguza ziwa dogo la Minnesota. Alifariki mwaka huo huo akiwa na umri wa miaka 26, kabla ya kuliona andiko lake likitoka. Alionyesha kwamba nguvu hupungua kila inapotoka kwa kiumbe kimoja kwenda kwa kingine. Askari ataelewa upesi akifikiria msafara wenye kubeba posho: wachukuzi nao hula njiani, na kinachofika kambi ya mwisho ni sehemu ndogo ya kilichotoka ghalani. Kwa makadirio, katika kila hatua husalia sehemu moja tu kati ya kumi.

Basi tupige hesabu. Kilo 1,000 za mimea midogo ya ziwani hutoa kilo 100 za wanyama wadogo wa majini. Hao hutoa kilo 10 za dagaa, ambao hapa kwetu huitwa mukene. Na hao dagaa hutoa kilo 1 ya sangara. Mama wa nyumbani anayepika dagaa analisha watu wengi zaidi kwa mwanga ule ule wa jua. Isitoshe, dagaa huliwa mzima pamoja na mifupa yake, yenye kuimarisha mifupa ya watoto.

Huenda mtu akauliza: ikiwa hivyo ndivyo, kuna haja gani ya kuwa na viumbe vya aina nyingi? Jibu ni kwamba kila aina ina zamu yake ya kazi. Kamongo hula konokono, na miongoni mwa konokono wamo wanaobeba kichocho. Watoto wa kerengende, wanaoishi majini, hula viluwiluwi vya mbu. Aina moja ikipungua, nyingine huweza kushika nafasi yake. Lakini aina zikiwa chache, zamu hubaki bila mlinzi.

Ziwa letu limekwisha kutufundisha somo hilo. Sangara aliingizwa humo katika miaka ya 1950 na 1960. Wakati huo ziwa lilikuwa na zaidi ya aina 500 za enkejje, wale samaki wadogo wanaokaushwa na kupewa watoto. Wengine walikula mimea, wengine konokono, wengine uozo wa chini. Katika miaka ya 1980 sangara waliongezeka kupita kiasi, na inakadiriwa kwamba aina 200 hivi zilitoweka. Baadhi wamerejea, lakini aina iliyokwisha kabisa haiagizwi dukani.

Sasa tuliangalie bonde letu. Sehemu yake ya juu mafunjo yamefyekwa, pakapandwa magimbi, na pengine pakajengwa viwanda na maghala. Mafunjo hufyonza mbolea iliyomo katika maji machafu. Yakiondolewa, mbolea hiyo huteremka hadi ziwani na kuotesha ukoga mwingi, ambao ukioza humaliza hewa ya samaki. Sehemu kubwa ya maji ya kunywa ya Kampala huchotwa Ggaba, katika ghuba hiyo hiyo. Kadiri yanavyochafuka ndivyo gharama ya kuyasafisha inavyozidi. Ndege anayestawi bila taabu ni kalooli, mla takataka. Wingi wake mjini usitudanganye kwamba mazingira yana afya.

Katiba ya mwaka 1995 inaiagiza serikali kuzitunza ardhi za namna hii kwa niaba ya raia wote. Mwaka 2017 jeshi lilipelekwa ziwani kupambana na uvuvi haramu. Lakini hakuna doria itakayofaa ikiwa sisi wenyewe jikoni tunanunua samaki wachanga. Sangara asipungue sentimita 50, wala ngege asipungue sentimita 28. Kipimo hicho kila mama anaweza kukitia alama kwenye mpini wa mwiko na kamba. Tena tusitupe takataka mferejini, na anayehitaji mafunjo kwa mikeka ayakate bila kung'oa mizizi, ili yachipue tena.

Mbolea huzunguka na kurudi. Nguvu ya jua hupita mara moja tu. Isipopokewa na jani leo, kesho haipo.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutaeleza namna ya kuhifadhi dagaa wakati wa mvua.